Aibu mbele ya nani? Jedwali la safu mbili halitoshi

Wasomaji wangu, leo hakuna habari za toleo jipya la programu yoyote. Wiki tatu hizi nimekuwa nikihangaika na jedwali la maneno, na jedwali hilo limenivuta hadi mahali ambapo sikupanga kwenda, yaani kwenye programu za mikopo ya simu. Naomba msome mpaka mwisho ndipo mnibishie.

Chanzo ni daftari. Hapa Itumbe, si mbali na kiwanda cha majani chai, kuna mzee jirani yetu aliyesomea uhandisi Moscow miaka ya 1960, enzi zile vijana wa Afrika Mashariki walipokuwa wakielekea kwenye Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa, kile kilichoanzishwa 1960 na kupewa jina la Patrice Lumumba mwaka uliofuata. Daftari lake la kujifunzia lugha bado analo. Kushoto kaandika Kiingereza, ambacho ndicho alichofundishwa shuleni, na kulia kaandika Kirusi. "Mwanangu, tia hii kwenye mashine kabla wino haujafutika," aliniambia. Nikaona ni kazi ya jioni mbili. Safu mbili, mistari elfu moja hivi, basi.

Herufi zenyewe hazikunisumbua. Wale wa zamani mnakumbuka vita vya KOI8-R na Windows-1251, unafungua faili la Kirusi unakuta alama za kuuliza zimejipanga kama askari. Siku hizi ni UTF-8 na maisha yanaendelea. Nikaenda vizuri mpaka nikafika ukurasa wa aibu.

Mzee alikuwa amekusanya pamoja maneno yote ya Kiingereza ya ukoo huo: shame, disgrace, dishonour, ignominy, infamy, humiliation, embarrassment. Upande wa pili kuna styd, sram, pozor, beschestie, unizhenie, smushchenie. Lakini hayaendi moja kwa moja. Pozor limeandikwa mbele ya shame, likarudiwa mbele ya disgrace, likarudiwa tena mbele ya ignominy na infamy. Shame nalo limepewa matatu: styd, sram na pozor. Sisi tunaoishi na hifadhidata hilo tunalijua, ni uhusiano wa wengi kwa wengi, unaweka jedwali la tatu katikati la kuunganisha na unaendelea na shughuli zako. Nikafanya hivyo na mashine ikakubali. Ila mashine kukubali si ushahidi kwamba ulichoingiza ni kweli.

Nikamwendea mzee kumuuliza tofauti ya yale matatu. Jibu lake lilikuwa fupi kuliko kamusi zote. Styd, alisema, unakuwa nao hata ukiwa peke yako usiku na mlango umefungwa. Pozor lazima watu wawepo. Na sram ni kile kinachopaswa kufunikwa: uchi, matusi, mambo ya namna hiyo.

Nikachimba kidogo (mnanijua, nikianza siachi). Wataalamu wa asili ya maneno hulihusisha styd na maneno ya Kislavoni yanayohusu baridi. Mwenye aibu kwa Mrusi ameingiwa na ubaridi. Pozor ndilo lililonifurahisha zaidi. Limejengwa juu ya mzizi wa kuona, na zamani lilimaanisha tamasha, kitu cha kutazamwa. Waserbia mpaka leo ukumbi wa michezo ya kuigiza wanauita pozorište, na ukienda Prague utakuta vibao vimeandikwa "Pozor", maana yake angalia, tahadhari. Kwa Mrusi neno hilo hilo likageuka: wewe ndiye tamasha, wengine wanatazama. Kiingereza nacho kina mambo yake. Disgrace ni kuondolewa neema, kana kwamba kuna mkubwa mahali fulani aliyekuwa anakupenda na sasa amekugeuzia mgongo. Ignominy, kwa Kilatini chake, ni kupoteza jina.

Kwa hiyo maneno haya hayatofautiani kwa uzito tu, kama vile moja ni kilo mbili na jingine kilo tano. Yanatofautiana kwa swali la nani anaangalia. Na jedwali langu halina pa kuliweka swali hilo.

Haya, tuje nyumbani. Nilitaka kuongeza safu ya Kiswahili, nikidhani hapo nitapumzika. Aibu, haya, fedheha, soni, tahayari, izara, kashfa. Karibu yote tumeyapata kwa Waarabu. Aibu kwao ni dosari, ila, kasoro. Fedheha na kashfa ni mambo ya kufichuliwa. Lakini haya ni kitu kingine kabisa. Ukisema mtu "ana haya" umemsifu. Ukisema "hana haya" umemmaliza. Ukisema "ana aibu" huenda unamaanisha ni mpole tu, haongei mbele ya wageni. Na angalieni kitenzi: tunasema kuona haya, kuona aibu, kuona soni. Anayeona ni mwenye aibu mwenyewe! Mrusi kwenye pozor anaonwa, Mswahili kwenye haya anaona. (Msiniulize kuhusu programu za kutafsiri na neno haya. "Haya, haya maneno yana haya": jaribuni wenyewe mwone mashine inavyoumbuka.)

Na hilo la kuumbuka nalo ni letu, halijatoka Uarabuni. Kuumba ni kutengeneza. Kuumbua ni kukivunja kile kilichoumbwa, kama vile kufunga na kufungua, kuziba na kuzibua. Aliyeumbuliwa amerudishwa udongo mbele za watu. Mzee alinipa neno la Kirusi la karibu, opozoritsya, nikaliweka, lakini mimi naona la kwetu ni kali zaidi.

Sasa tuje kwenye soni, kwa kuwa hapo ndipo nilipokaa siku nne. Wakenya wengi hawalitumii siku hizi, na wengine hudhani ni neno la washairi wa pwani tu. Kumbe lina ndugu bara zima. Waganda wana ensonyi. Kwenye Kilingala ni nsoni. Wakamba wana nthoni, Wakikuyu wana thoni. Wazulu kule kusini wana izinhloni, na ukoo huo huo ndio uliotoa hlonipha, ile desturi ambayo mke huepuka kutamka jina la baba wa mumewe. Na sisi Abagusii tuna chinsoni.

Mkikuyu akimwita binti yake Muthoni amemwita mkwe. Neno lenyewe la mkwe limetoka kwenye thoni! Yaani mkwe ni yule ambaye kati yako na yeye kuna haya. Ukikutana na akina Muthoni kumi mjini Nairobi umekutana na kamusi inayotembea, na hakuna aliyeona haja ya kutuwekea jambo hilo kwenye programu yoyote.

Chinsoni ya Kisii nayo ni zaidi ya hisia. Robert na Barbara LeVine, watafiti wa Kimarekani waliokaa Kisii katikati ya miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chao Nyansongo mwaka 1966, waliieleza kama mfumo mzima wa nani ajizuie mbele ya nani. Wazee wetu hawakuhitaji kitabu. Baba na mwana aliyetahiriwa hawaogi pamoja. Baba haingii ovyo nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mambo ya mwili hayazungumzwi mbele ya kizazi cha wazazi. Mke na baba mkwe wake wanaachiana nafasi. Lakini babu na mjukuu wanataniana mpaka mtu mgeni anashangaa, na marika wanaambiana chochote. Kitu kile kile, neno lile lile, tendo lile lile: mbele ya babu ni kichekesho, mbele ya baba ni chinsoni.

Mnaona tatizo langu? Kwa lugha ya kazi yetu, neno la Kiingereza linapokea kitu kimoja: mtu. Chinsoni inapokea viwili: mtu huyu na mtu yule. Usipoitaja pande zote mbili haikurudishii jibu. Na zaidi ya hapo, haimwangukii mkosaji pekee. Mkwe wangu akiona nisichopaswa kuonwa nacho, yeye pia ameingia kwenye chinsoni, ingawa hakufanya lolote ila kupita njiani. Nikaiandika "chinsoni = shame", nikaitazama, nikaifuta.

Kufikia hapa mtasema hii ni kazi ya wanaisimu. Subirini.

Fungueni orodha ya majina kwenye simu zenu. Ni nini ile? Ni safu mbili: jina kushoto, namba kulia. Ni daftari la mzee lile lile. Mama mkwe yuko mstari mmoja na muuza mkaa, na simu haijui tofauti. Hata pale inapodhani inajua, inakosea: Mkisii akihifadhi "Baba" kwenye simu huenda ni mama yake mzazi, kwa maana kwa Ekegusii baba ni mama, na baba tunamwita tata. Mashine iliyofundishwa Kiswahili itasoma hapo jambo lisilokuwepo.

Orodha hiyo ndiyo iliyokuwa chombo cha kudai madeni katika nchi hii kwa miaka kadhaa. Programu ya mkopo ilipowekwa kwenye simu iliomba ruhusa ya kusoma majina, mkopaji akabonyeza ndiyo kwa kuwa bila ndiyo hakuna pesa, na majina yote yakasafiri. Ukichelewa kulipa, walianza kupigiwa watu. Wakenya wenyewe walilipa jambo hilo jina la Kiingereza, debt shaming. Nyuma ya jina hilo kuna mistari michache ya programu ambayo mwandishi yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kuiandika: kwa kila namba kwenye orodha, tuma. Aliyeiandika alikuwa na neno moja kichwani, shame, nalo lilipokea kitu kimoja, mdaiwa. Hao wengine kwake walikuwa vipaza sauti tu.

Mwaka 2021 kijana mmoja wa huku kwetu anayechuma majani chai alikopa shilingi 3,000 kwenye programu fulani ambayo sitaitaja. Mnajua maisha ya chai, malipo ya kila mwezi ni madogo na bonasi yenyewe inakuja mwisho wa mwaka wa chai, kwa hiyo katikati watu wanakopa. Alichelewa siku sita. Ujumbe ukaenda kwa watu wengi, mmoja wao baba mkwe wake, ambaye mahari kwake ilikuwa haijamalizika. Ujumbe ulimwita kijana mwizi na kumtaka mzee huyo amshurutishe alipe. Deni lililipwa wiki hiyo hiyo, tena na riba, na kwenye hifadhidata ya mkopeshaji bila shaka mstari ule ukawa kijani. Lakini kati ya mkwe na mkwe hakuna aliyesema neno, maana chinsoni hairuhusu hata kuuliza. Mzee hakuweza kusema "nimepokea ujumbe wako", kijana hakuweza kusema "nisamehe kwa ule ujumbe". Safari ya kupeleka ng'ombe iliyokuwa imepangwa Desemba ikaahirishwa bila sababu kutajwa. Ikaahirishwa tena. Mke yuko katikati, na yeye hakukopa hata senti. Hilo ndilo mnaloliita shame? Tafuteni kwenye daftari safu ya kuliweka.

Sheria imekuja, na sitaki kuibeza. Bunge lilirekebisha Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na Machi 2022 zikatoka Kanuni za Watoa Mikopo ya Kidijitali zinazokataza mkopeshaji kuwapigia watu waliomo kwenye simu ya mteja au kuweka habari zake hadharani kwa nia ya kumwaibisha. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ilimtoza mkopeshaji mmoja wa mtandaoni faini ya shilingi 2,975,000. Katika uamuzi ule kilichonivutia si pesa. Waliolalamika ni watu ambao majina na namba zao zilipatikana kwa watu wengine, kisha wakatumiwa ujumbe na kupigiwa simu za vitisho. Yaani wale vipaza sauti walipata haki ya kusema wao pia wameumizwa. Sijui kama kuna Mkisii pale ofisini, lakini hiyo ni chinsoni kabisa. Mwaka huo huo Google nao walizizuia programu za mikopo kwenye duka lao zisisome majina ya simu, kuanzia mwisho wa Mei. Vizuri. Programu inayosambazwa nje ya duka, kwa faili linalotumwa kutoka simu hadi simu, haijui habari hizo.

Rafiki yangu mmoja, mwandishi wa programu kama mimi, ananipinga hapa, na hoja yake si ya kipuuzi. Anasema aibu ndiyo dhamana ya mtu maskini tangu zamani. Hana hati ya shamba, hana gari, ana jina lake tu. Chama cha akina mama kinakopeshana bila karatasi kwa sababu kila mmoja anaogopa kuonekana mwizi mbele ya wenzake. Programu, anasema, imefanya kile kile kwa kasi zaidi.

Nakataa, tena kwa sababu ile ile ya jedwali. Kwenye chama umechagua mwenyewe utaaibika mbele ya nani. Mmeketi mmoja mmoja, mmejuana, wadhamini wamekubali kwa midomo yao, na mara nyingi ni marika au majirani wanaoweza kukuambia ukweli na kesho mkacheka. Hakuna mama wa chama mwenye akili anayekwenda kumshtaki mwenzake kwa mkwe wake. Atatafuta mtu anayefaa kutumwa, shangazi au mzee wa ukoo. Chama kinaijua ile safu ya tatu. Ndiyo maana kinadai bila kumvunja mtu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, sawa, lakini waliokuwepo wanageuza nyuso, na chama kinamwachia nafasi hiyo ya kuchutama. Programu ilimvua mbele ya watu mia tatu kwa sekunde mbili na haikumgeuzia mtu uso.

Kwa hiyo ninyi mnaoandika programu zinazogusa watu, si za mikopo tu: ukiona umeandika "kwa kila jina kwenye orodha", simama. Kumwalika kila mtu ajiunge, kumwambia kila mtu kwamba fulani yuko mtandaoni, kupendekeza "huenda unamjua" bosi wako kwa mama mkwe wako, yote hayo yanatoka kwenye wazo lile lile kwamba watu ni mistari isiyo na uhusiano. Usiombe ruhusa ya majina kama huihitaji. Ukiihitaji, mwache mtu achague wawili watatu kwa kidole chake, kama anavyochagua mdhamini. Hiyo si kazi ngumu, ni kisanduku kimoja cha kuweka alama. Waliokataa kukiweka walijua wanachokifanya.

Jedwali langu sasa lina safu tano: neno, lugha, nani anaona, mbele ya nani, na nani mwingine anaumia. Styd kwenye safu ya nne ni tupu, na ndivyo inavyotakiwa kuwa. Chinsoni imejaa mpaka nikalazimika kuipa mistari kumi na minne, mmoja kwa kila jozi ya ndugu, na bado mashangazi wananipigia simu kunisahihisha. Ignominy nitaiacha kwa sasa, kwa sababu sijapata mtu Itumbe nzima aliyewahi kuihitaji. Ila mistari ya Kikuria na ya Kiluhya ni mitupu, na jirani zangu hao najua mna ndugu za soni humo. Niandikieni kwa anwani ile ile. Msinitumie tafsiri peke yake. Niambieni ni mbele ya nani neno hilo linatumika, na mbele ya nani halitamkwi kabisa.